Mate ya Ramadhani

Nyani ndio walionifanya mrushaji. Watu wakiniuliza nilijifunza wapi kurusha mpira, huwajibu hivyo hivyo, nao hucheka wakidhani natania. Sitanii. Shamba la mama yangu lilikuwa upande wa Maramba, mahindi na mihogo, na msitu ulianzia pale mahindi yalipoishia. Nyani hana haya. Anakutazama usoni huku anavunja hindi lako. Mama alinipandisha juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kuamia shamba, akaniachia fungu la mawe, akanambia jiwe likikosa, chakula cha jioni nitakwenda kula na hao niliowakosa. Basi nilijifunza kutokosa. Nilipoanza kunyoa ndevu nilikuwa naweza kumchagulia nyani sikio, la kulia au la kushoto.

Miaka ya hamsini ilipoanza nilihamia Tanga mjini kwa mjomba wangu, fundi wa makubazi, Ngamiani, barabara ya tisa. Mjomba alinifundisha kukata ngozi, kutoboa, na kushona kwa uzi wa pamba uliolowanishwa mdomoni. Kutwa nzima uzi uko katikati ya meno, unautia mate ili upite vizuri kwenye tundu. Kazi ile ilinifaa. Mimi nina hasira za karibu, sifichi, na ngozi haina maneno ya kukujibu.

Siku moja akaja Mbaniani mmoja mwuza vitambaa, mtu mnene mwenye sauti ndogo, ameshika mpira mwekundu uliopasuka mshono. Ulikuwa mzito kama jiwe la dungu, na unaenea kiganjani sawasawa. Alikuwa nahodha wa timu ya kriketi ya wafanyabiashara wenzake, na mpira mpya ungechelewa kufika. Nilikaa nao nusu siku. Niliushona kwa uzi wa nta, nikaufunga fundo ambalo hata mimi mwenyewe sikuweza kuliona tena. Aliporudi kuuchukua nilitaka kumwonyesha kwamba mshono unashika. Ng'ambo ya barabara, juu ya ukuta, kulikuwa na debe bovu. Nililipiga debe kwa ule mpira, likaruka na kuangukia uani kwa watu, mwanamke akatoka akanitukana mpaka mama yangu aliyekuwa Maramba.

Nahodha hakusikia matusi. Alikwenda mwenyewe kuokota mpira, akaniletea.

"Fundi," akasema, "hebu tena."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kriketi. Kwa asiyeijua, mambo yenyewe ni haya: kuna vijiti vitatu vimesimikwa chini, mbele yake kasimama mtu na gongo bapa, naye kazi yake ni kuvilinda. Wewe unatoka mbali unakimbia, unarusha mpira, ukiviangusha vijiti yeye anatoka. Akiupiga mpira mbali, anakimbia, na kila mkimbio unahesabiwa. Rahisi. Kilichonitesa ni sheria moja tu, kwamba mkono unaorusha usikunjwe kwenye kiwiko. Nyani hawakuwahi kulalamika juu ya kiwiko changu. Lakini mwamuzi alikuwa akinyoosha mkono kila nikirusha, kusema hapana, hapana, hapana, mpaka nikatamani vile vijiti niving'oe nimfukuze navyo. Mwishowe nilijishonea mkono wa ngozi, nikautia fito mbili, nikauvaa wiki tatu usiku na mchana. Mjomba alikuwa akinilisha matonge huku anacheka hadi machozi. Ulipotoka, kiwiko kilikuwa kimesahau kukunja.

Kila siku baada ya alasiri nikawa naenda kiwanjani kuwarushia wanachama wapate kufanya mazoezi. Lakini siku ya mechi yenyewe sikuwa na nafasi. Mimi sikuwa mwanachama. Nilikaa nje ya kamba na viatu vyao nikivipiga misumari, nikimwangalia mtu mwenye mkono kama mrenda akirusha mahali pangu. Iliniuma. Naandika hivyo hivyo, iliniuma, kwa sababu niliposema wakati ule mjomba aliniambia nishukuru Mungu kwa misumari.

Kisha ikaingia Ramadhani.

Sijui kama vijana wa leo wanakumbuka, au kama wamehadithiwa. Zamani zile mfungaji alikuwa hamezi mate. Nani alianzisha, siwezi kusema, lakini mji mzima uliamini kwamba ukimeza mate umekula. Basi kuanzia alfajiri mpaka magharibi watu walikuwa wakitema. Mbele ya maduka palikuwa na makopo yenye mchanga. Mtu akizungumza nawe anasimamisha neno, anageuka, anatema, anarudi kwenye neno lake. Ilikuwa namna yetu ya kufunga na hatukuona vibaya.

Mimi pale kiwanjani sikuwa na kopo. Nahodha alikuwa amepiga marufuku kutema kwenye majani yake. Mate yakinijaa, nayatia kwenye mpira, nausugua kwenye kikoi changu, basi. Na kwa kuwa mkono wa fundi una mazoea yake, nilisugua upande mmoja tu, ule uliokaa chini ya kidole gumba, nikausugua kama ninavyosugua kubazi la bwana harusi. Upande ule ukang'aa. Upande wa pili ukabaki na vumbi na mikwaruzo.

Siku ya nne ya mfungo nilimrushia nahodha mwenyewe. Mpira ulitoka mkononi mwangu ukienda kulia kwake. Alinyanyua gongo kuufuata. Mpira ukiwa hewani ukapinda, wallahi nauona mpaka leo, ukapinda kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ukampita kushoto ukaangusha kijiti cha kati. Nikarusha tena, ukapinda tena. Mwezi mzima ule hakuna mwanachama aliyelala na vijiti vyake vimesimama.

"Hii ni nini, fundi?" nahodha akaniuliza.

"Ni baraka ya mwezi," nikamjibu, na kifua mbele. Sikuwa namdanganya. Ndivyo nilivyoamini. Mate sikuyafikiria hata kidogo.

Idd ikapita. Nikaanza kumeza mate yangu kama binadamu wengine, na mpira ukaanza kwenda moja kwa moja kama punda wa maji. Nahodha alihuzunika, ila hakukata tamaa. Kwa miezi kumi na mmoja alikuwa akiulizia habari za mwezi kuliko imamu wa msikiti. "Rajabu imeandama? Shaabani lini?" Yeye Mbaniani, asiyefunga hata siku moja ya mwezi wetu! Na katika akili yake na yangu tukafanya jambo ambalo nadhani halijawahi kufanywa na timu yoyote duniani. Kulikuwa na mechi ya kila mwaka baina yao na mabwana Wazungu wa mashamba ya mkonge, na kila mwaka walikuwa wanafungwa. Nahodha aliomba mechi ya mwaka ule ichezwe ndani ya Ramadhani, mchana, jua kali, na mrushaji wao mkuu awe amefunga. Mabwana wa mkonge walikubali haraka sana.

Kwangu aliweka ahadi. Tukishinda, jina langu litaandikwa kwenye timu, si kwa mazoezi bali kwa mechi, na kwa mshahara. Nitakwenda nao Mombasa, nitakwenda Unguja, na makubazi nitashona nikipenda. Hapo Ngamiani hapakuwa na mtu aliyewahi kuajiriwa kwa kurusha kitu. Niliacha kulala vizuri.

Lakini mwaka ule nilikuwa nataka kitu kingine pia.

Mtaa wa pili kutoka kwetu alikaa maalim, mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mrefu, mkavu, msomi kwelikweli. Binti yake alitaka makubazi. Msichana wa nyumba kama ile haji dukani kupimwa mguu. Alituma kijiti cha ufagio kilichokatwa sawa na unyayo wake, kakileta mdogo wake wa kike. Nikashona. Makubazi yakarudi, mkanda unabana. Nikalegeza. Yakarudi, mkanda unalegea. Mara ya tatu yalirudi na ujumbe: "Dada kasema, kama fundi hajui mguu, aulize." Mjomba akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshika kile kijiti, na kusema kweli nilikuwa nakihifadhi mfukoni tangu wiki iliyopita.

Mjomba alipeleka posa siku za mwisho za Shaabani. Akarudi anakuna ndevu.

"Hakukataa," akasema. "Wala hakukubali. Kasema atajibu baada ya Idd. Lakini ana sharti. Ramadhani hii inayokuja, mwezi wote, asikuone unatema mate, si njiani, si barazani. Kasema anataka kujua kama una sikio."

Maalim alikuwa ameanza vita. Kila alasiri baada ya sala alitoa darsa msikitini, na mwaka ule aliamua kuusafisha mji. "Mate yako safi, yaliyo kinywani mwako," alisema, "ukiyameza saumu yako haina neno. Nani aliyewafundisha kugeuza njia za watu jalala? Mji mzima unatema kama mnatafuna tambuu!" Wazee walinung'unika. Mimi nilikaa safu ya mbele, nikameza mate kwa sauti ili anisikie.

Nadhani msomaji ameshaona shimo nililokuwa nachimba. Mimi sikuliona. Mazoezini mpira ulikwenda moja kwa moja. Nahodha akaniuliza kwa unyenyekevu kama baraka bado haijaingia. Nikamwambia mwezi ungali mchanga. Kumi la kwanza likaisha. Nikamwambia labda kumi la kati.

Mechi ikachezwa Jumapili. Ngamiani yote ilikuja, watu ambao hawakujua hata upande upi ni upi. Nahodha alinivalisha suruali nyeupe ya mtu mwingine, imefungwa kwa kamba. Wanawake walisimama nje, nyuma ya ua wa mchongoma, mabuibui meusi safu nzima. Na maalim naye akaja, na mwavuli wake. Nilikwenda kumpa shikamoo. "Marahaba," akajibu, na nahodha kwa heshima akamletea kiti, akakiweka mbele kabisa, hatua kumi kutoka pale nilipoanzia kukimbia.

Sitasimulia mechi nzima. Watu wetu walipiga vizuri, kisha wale mabwana wakaingia kupiga, nami nikarusha. Nilirusha kwa nguvu na kwa shabaha, nyani walinifunza vyema, na wengine niliwaangusha kwa hiyo shabaha tu. Lakini mpira haukupinda hata mara moja. Jua lilikuwa utosini. Mwisho wa mambo walibakiwa na mtu mmoja, na walihitaji mikimbio mitatu washinde. Sisi tulihitaji kumwangusha huyo mmoja. Alikuwa bwana mmoja mkubwa, shingo nyekundu, anapiga gongo lake chini kama anayepigilia mambo ya hema.

Nikarudishiwa mpira. Nikauangalia, na safari hii niliuangalia kifundi. Ulikuwa uleule niliouvalia uzi wa nta, nahodha aliuchagua kwa bahati yake, na ulikuwa umefifia pande zote sawa. Nikakumbuka ulivyokuwa mwaka uliopita, upande mmoja unang'aa mtu angeweza kujitazama. Ngozi haing'ai yenyewe. Nani aliing'arisha? Kwa nini? Nikaona kidole gumba changu, nikaona kikoi changu, nikaona mdomo wangu. Nilisimama katikati ya kiwanja na akili ikanifunguka kama mlango uliopigwa teke. Haikuwa baraka ya mwezi. Yalikuwa mate yangu.

Na wakati huohuo mate yalikuwa yamenijaa mdomoni.

Nikageuka. Maalim alikuwa ananitazama chini ya mwavuli, mikono juu ya magoti, hapepesi macho. Nikatazama ua wa mchongoma, mabuibui yote yanafanana, sikuweza kujua binti yake ni yupi. Nahodha akaniita, "Fundi! Tunangoja!" Mpira uko mkononi. Kutema ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Mombasa ilikuwa mdomoni mwangu, na Unguja.

Nikameza.

Nikakimbia, nikarusha, mpira ukaenda moja kwa moja kama ulivyoamrishwa. Yule bwana akaupiga, ukapaa, ukapita juu ya vichwa vya watu, ukapita juu ya mchongoma, ukapotea. Waliutafuta hawakuuona. Mpira ukivuka kiwanja hivyo unahesabiwa mikimbio sita, na mabwana wa mkonge walishangilia wakirusha kofia.

Nahodha alinijia taratibu. Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alisema tu, "Mwezi wako umekukataa, fundi." Nami, badala ya kumwambia kwamba nimejua siri, kwamba tungoje Idd ipite nimwonyeshe mpira ukipinda mpaka achoke, nilifungua ile kamba, nikavua ile suruali mbele ya watu, nikamtupia. Nilirudi nyumbani na kikoi nilichovaa ndani. Baada ya siku tatu aliniletea mtu niende mazoezini. Nikamwambia yule mtu kwamba hapa panashonwa viatu. Wakamleta mrushaji kutoka Mombasa, wakamlipa ule mshahara. Hasira za mkizi, tijara ya mvuvi. Mkizi mwenyewe nilikuwa mimi.

Idd mosi, baada ya sala, maalim alimwita mjomba. Posa ilikubaliwa.

Niliishi na mke wangu miaka mingi, na vizuri. Nilishona makubazi mpaka macho yakapungua. Kriketi sikuitaja nyumbani, na yeye hakuniuliza. Nikipita pale kiwanjani nilikuwa naangalia upande wa pili wa barabara. Nilijiambia kwamba nilichagua, na mtu aliyechagua halalamiki. Jambo hilo lilinipa fahari fulani. Nilikuwa mtu aliyetoa kitu kikubwa kwa ajili ya mke.

Kisha alasiri moja ya Ramadhani, sote tumekwisha kuzeeka, mke wangu alikuwa uani anakuna nazi ya futari. Mjukuu wetu akapita, akatema mate karibu na kisima. Nikamkaripia vizuri. Nikamwambia babu yake mzaa bibi alikuwa maalim, na alikataza uchafu huo, na mimi kwa kumtii nilipoteza mambo makubwa. Mjukuu akakimbia. Mke wangu akaacha kukuna, mabega yanatikisika.

"Unacheka nini?" nikamuuliza.

"Namcheka baba. Siku ile ya mpira alirudi nyumbani kakasirika, hata futari hakula vizuri."

"Kakasirika na nini? Si nilimeza?"

"Ndicho kilichomkasirisha. Mwaka wa nyuma alikuwa akipita pale kiwanjani akitoka msikitini, akikuona unautia mate mpira, na mpira unapinda. Alijua kabla yako. Siku ile kamwambia mama: 'Yule ni fundi viatu. Kutwa uzi uko mdomoni, nimemkataza? Nimemkataza njiani na barazani, wanapopita watu. Ule mpira ni ngozi, ni kazi ya mkono wake. Angeutia mate ningesema nini miye?' Kisha akasema, 'Sikio analo kijana huyu. Ulimi wa kuuliza ndio hana.'"

"Na weye ulisikia?"

"Nilikuwa mlangoni."

"Siku ileile? Kabla ya Idd? Kabla sijamkataa mtu wa nahodha?"

Aliinuka, akaingia ndani, nikasikia kasha la nguo likifunguliwa. Akatoka na kitu kimefungwa kwenye kipande cha kanga, akaniwekea mapajani. Ulikuwa ule mpira. Mshono wangu mwenyewe, fundo langu lisiloonekana. Uliruka mchongoma ukamwangukia miguuni, akauficha ndani ya buibui, na wale watu wote waliokuwa wanautafuta walipita karibu yake wakimwomba radhi.

Nilikasirika. Nilikasirika kweli, kwa hasira ile ya ujana. Nilimwambia amenificha maisha yangu ndani ya kasha. Nilimwambia ningekwenda Mombasa, ningekwenda Unguja, watu wangenijua. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akaketi kwenye mbuzi yake ya kukunia nazi, akanitazama.

"Nikuulize, na unijibu kweli, umefunga," akasema. "Siku ile, kama ungejua baba hatakuwa na la kusema, ungetema?"

"Ningetema!" nikasema, kabla hajamaliza swali.

"Hata kama ungejua utakuwa mtu wa safari, na miye nitakaa kungoja?"

Niliugeuza mpira mapajani, nikautafuta mshono.

"Basi ndiyo maana sikukwambia," akasema, akaurudisha mpira kashani, kisha akarudi kwenye nazi yake.

Siku mbili nilifuturu barazani peke yangu. Siku ya tatu nilimwomba anipe mpira tena, naye akanipa. Sasa ametangulia, Mungu amrehemu, na mpira uko kwangu, karibu na kile kijiti cha ufagio. Kila Ramadhani, baada ya alasiri, nautoa, nautia mate upande mmoja, nausugua kwenye kikoi mpaka ung'ae. Bega halirushi tena. Upande wa pili siugusi. Nimeuacha kama yeye alivyouokota.